Magari Yaliyomngoja Mkunga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, Fundi Barafu aliufunika mfuniko wa rejeta kwa tambara nene, akauzungusha robo, akasubiri mvuke utoke wote, kisha akachungulia ndani. Maji yalikuwa yamekwisha. Jioni ya jana yake alikuwa ameyajaza mwenyewe mpaka shingoni, lakini gari la mkewe lilifika tu kwenye kona ya duka la mbao, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye mstari mwekundu, likarudi nyumbani kwa kusukumwa.

Mkewe alisimama kando na mkoba wake wa kazini begani.

"Leo ni nini?" aliuliza.

"Mfuniko. Haushiki presha."

"Jumatatu ulisema mkanda wa feni."

"Jumatatu ulikuwa mkanda."

Mkewe alivua viatu vya kuendeshea, akavaa raba, akatoka kwa miguu. Alikuwa mkunga katika kituo cha afya kilicho umbali wa kilomita nne, na mtaa mzima ulimwita Mkunga, hata wale ambao hawakuwa na mpango wa kuzaa. Mtoto akitaka kutoka hamngoji fundi amalize kazi yake.

Jina la Barafu mumewe alipewa na wateja. Gari lililochemsha likiingia gerejini kwake lilitoka limepoa, na halikuchemsha tena. Mafundi wengine walihangaika na magari hayohayo kwa miezi, wakiondoa hiki na kuongeza kile, mwishowe wakamwelekeza mteja kwake. Alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja. Usiguse injini kabla hujatazama maji. Usitazame pampu kabla hujatazama mkanda. Anza na kilicho rahisi, kigumu kitakungoja. Kwamba gari lililochemsha kila wiki lilikuwa la mke wa mtu huyuhuyu, watu waliliona ni jambo la kawaida. Walisema kinyozi hajinyoi, wakaendelea na shughuli zao.

Gari lenyewe lilikuwa la Mkunga kwa haki zote. Alilinunua kabla hajaolewa, likiwa na umri wa miaka kumi na mbili, na sasa lilikuwa na thelathini na moja. Mjini pale magari ya aina hiyo yalikuwa mengi. Yaliingia msimu mmoja, ndugu wa tumbo moja, na spea za hili ziliingia kwenye lile bila kusukumiza.

Alhamisi ile Mkunga alikuwa hajafika hata kwenye duka la mbao, gari la Mwalimu likasimama kando yake. Mwalimu alikuwa mstaafu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Aliingiza gia ya kwanza, gari halikwenda. Akaingiza ya pili, halikwenda. Injini ilikuwa inanguruma vizuri tu na breki haikuwa imeshika. Akashuka, akamwamkia Mkunga, akaomba radhi kwa kumzibia njia. Mkunga akalizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akakaa. Likaondoka. Mwalimu alikuwa anaenda kununua gazeti, lakini lilimpeleka mpaka kwenye lango la kituo cha afya, Mkunga akashuka, na hapo ndipo usukani ukaanza kumtii tena.

Ijumaa lilisimama gari la Mpiga Picha. Jumatatu iliyofuata lilisimama la Mpima Ardhi, likiwa limebeba vigingi na ngazi, na Jumanne la bibi mmoja aliyestaafu posta, ambaye haoni vizuri na huendesha kwa kukumbuka njia. Kati ya hayo manne halikuwapo lililompita Mkunga akabaki barabarani. Baada ya wiki mbili watu walikuwa wamezoea. Mwalimu alianza kutoka nyumbani dakika kumi mapema. Mpiga Picha akatandika kitambaa safi kwenye kiti cha nyuma. Mpima Ardhi alihamishia vigingi vyake juu ya paa.

Aliyeyaona haya yote kwa mpangilio ni dada yake Fundi, aliyefua na kupiga pasi nguo za watu kwenye baraza ya mbele. Pasi mkononi, macho barabarani.

"Kaka," alisema, "wifi leo kapanda la Mpiga Picha."

"Nimesikia."

"Juzi la Mwalimu. Jana la Mpima Ardhi. Mimi simo, nakwambia tu ninachokiona."

"Na la bibi wa posta?"

"La bibi wa posta mimi sikuliona," alisema dada, ingawa alikuwa amelipungia mkono.

Wivu ulimwingia Fundi Barafu siku hiyo, wakati anakaza nati ya gurudumu la mtu, ukakaa tumboni upande wa kushoto. Alikuwa hajawahi kuwa nao. Chakula kilimgomea. Mkewe akirudi alimwangalia miguuni kwanza, aone kama viatu vina vumbi, na kila alipoviona visafi moyo ulimuuma kana kwamba amekanyagwa. Nywele za Mpiga Picha zilianza kumkera. Alikumbuka kwamba Mwalimu, kwa umri wake, bado ana meno yote. Hata mezani alipata shida, kwa sababu Mkunga alipenda kusimulia ya kazini, na ya kazini siku hizi yalikuwa daktari kijana aliyehamishiwa kituoni. Daktari kasema hivi, Daktari kafanya vile, Daktari kashika mtoto kwa mkono mmoja. Daktari alikuja kazini kwa baiskeli, na hilo tu ndilo lililomfanya Fundi ameze tonge.

Jumapili Mkunga alikuwa na mapumziko, hakutoka. Fundi alipofungua geti saa moja asubuhi alikuta magari manne yamejipanga nje ya ukuta wake, boneti zikiwa bado na joto, ndani hamna mtu. La Mwalimu lilikuwa mbele. Wenyewe walikuja baadaye kwa miguu, mmoja mmoja, Mpima Ardhi akiwa bado na sabuni ya kunyolea kidevuni.

"Samahani, Fundi," alisema Mwalimu. "Limekuja lenyewe."

"Hamna neno," alisema Fundi, na neno lilikuwapo, tena kubwa.

Alipoingia ndani alimkuta mkewe anakunja nguo.

"Hawa watu wanataka nini kwako?"

"Watu gani?"

"Hao. Wenye magari."

"Watu hawataki kitu, baba. Mwalimu anataka gazeti lake, na wiki ya tatu sasa analipata limeshaisha."

Fundi aliona hilo si jibu. Lakini yeye hakuwa mtu wa kupiga kelele, alikuwa mtu wa utaratibu. Akaamua kuushika wivu wake kama anavyoushika ugonjwa wa injini, aanze na kilicho rahisi. Rahisi kuliko vyote alikuwa dereva. Kama ni dereva anayesimama kwa sababu anamtamani mke wa mtu, basi ukimtoa dereva gari halitasimama.

Jumatatu alimwomba Mwalimu amwachie gari akalitazame breki bila malipo, na saa tisa alasiri, wakati Mkunga anatoka zamu, akaliendesha mwenyewe kuelekea kituo cha afya. Lilikuwa gari tamu. Mshale wa joto ulitulia katikati, hausogei hata kwenye mlima. Alimwona mkewe kwa mbali, anatembea chini ya ukuta wa shule. Akaamua kumpita. Walipolingana gari likasimama. Alikanyaga mafuta, injini ikapaza sauti, magurudumu yakabaki pale pale.

Mkunga alifungua mlango wa nyuma, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Ooh, leo ni wewe."

"Ni mimi."

"Mwalimu hajambo?"

"Kumbe unamuulizia!"

"Nimo ndani ya gari lake, baba. Nimuulizie nani?"

Gari likaondoka bila yeye kugusa gia. Hivyo dereva hakuwa na kosa. Fundi alipumua kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na raha hiyo ilimdumu mpaka kwenye mzunguko wa barabara. Hapo akagundua kwamba sasa anaionea wivu injini.

Alimteremsha mkewe nyumbani, akaliingiza gari gerejini, akafungua boneti na kuanza. Maji yapo. Mkanda mzima. Akafungua nyumba ya themostati, kile kimlango kidogo kinachofunguka maji yakipata moto na kujifunga yakipoa. Mafundi wengi hukitoa na kukitupa, wakisema hali ya hewa ya hapa haikihitaji, kisha wanashangaa gari halijielewi. Cha Mwalimu kilikuwapo, kizima, kinang'aa. Na pembeni mwake, kwenye ukingo wa shaba, palikuwa na mikato mitatu midogo ya tupa.

Mikato ile aliitia yeye. Ilikuwa desturi yake kila kifaa anachokifungua akitie alama, kisije kikachanganyika na cha mtu mwingine. Mkato mmoja ni cha kununua, miwili ni chakavu. Mitatu ni cha gari la nyumbani.

Akakumbuka. Ilikuwa miaka miwili iliyopita, mvua za mwanzo, Mwalimu kaja na gari linatoa moshi, madukani themostati hamna. Alisema moyoni nitakirudisha Jumatatu. Ni mke wangu, hatafika mbali.

Hakulala chini kulia wala hakupiga kichwa ukutani. Aliendelea na utaratibu. Jumanne akamwita Mpiga Picha: rejeta, mikato mitatu. Jumatano Mpima Ardhi: pampu ya maji, mikato mitatu. Alhamisi akaenda mwenyewe kwa bibi wa posta, ambaye alimwamkia akidhani ni mtu wa umeme; Fundi akatazama feni, akahesabu mapanga yake sita mazima na ile mikato. Kisha akarudi nyumbani akafungua boneti ya gari la mkewe. Rejeta ilikuwa ya kuokoteza, imezibwa matundu kwa sabuni na risasi. Pampu ilitoka kwenye gari lililoungua. Feni ilikuwa na mapanga matatu. Mahali pa themostati hapakuwa na kitu. Kilichobaki chake halisi kilikuwa bloku ya injini, silinda hedi yake inayozifunika silinda kwa juu, na mipira ya maji, maana hivyo hakuna mteja aliyewahi kuvihitaji.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sasa alijua dawa, na ilikuwa nyepesi kuliko kazi nyingi alizofanya mwaka huo. Siku mbili, spana namba kumi na mbili na kumi na nne. Arudishe kila kitu mahali pake, magari yaache kumngoja mkewe njiani, mkewe aendeshe gari lake mwenyewe, na yeye alale. Lakini magari manne yangeanza kuchemsha siku hiyohiyo. Wangesema Barafu kayeyuka. Alilifikiria jina lake muda mrefu kuliko alivyomfikiria mkewe, na alilijua hilo wakati analifanya.

Jioni wakiwa mezani alisema, "Nimegundua tatizo la gari lako."

"Ni nini?"

Alikuwa na maneno yote mdomoni. "Mfuniko," alisema.

Mkunga aliweka kijiko chini.

"Pampu yangu inaimba ikipanda mlima," alisema. "Siku ya kwanza kukaa kwa Mpima Ardhi niliisikia. Nilikaa nayo karibu miaka kumi na tisa, nisiijue sauti yake? Na feni yangu iko kwa yule bibi. Asubuhi inanipepea mpaka huko nyuma."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe. Kule kazini tunawaambia wenye uchungu, mficha uchi hazai."

Fundi aliangalia sahani yake. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni.

"Hao magari yao yamepona," Mkunga akaendelea, "na wewe umesifiwa. Mimi sikuombwa. Ungeniomba, baba, ningekupa hata pampu mbili. Umenipitia kama stoo."

"Jumatatu," alisema Fundi. "Jumatatu narudisha vyote. Nakuapia."

"Haya," alisema mkewe, akanawa mikono.

Na alikusudia. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa ameshapanga spana juu ya kitambaa, kwa ukubwa wake, akimsubiri Mpiga Picha alete gari. Lililoingia lilikuwa jingine, la aina ileile, la kijani, linavuta wingu jeupe nyuma yake. Akashuka kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Pasi yenyewe alipigiwa na dada, pale barazani.

"Shikamoo, Fundi," alisema. "Mimi ni daktari pale kituoni. Gari hili la marehemu baba, ndiyo kwanza nalitoa. Nimezunguka mafundi watatu. Wote wameniambia, Barafu akishindwa, basi lizikwe."

Fundi Barafu alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. Alikuwa mzuri kuliko alivyosimuliwa. Wivu ulipanda kutoka upande wa kushoto.

"Marahaba," alisema. "Liwashe."

Akatazama maji: mapovu yanapanda kwenye rejeta bila kukoma. Akachomoa kijiti cha oili: oili imekuwa na rangi ya maziwa. Akanusa moshi wa nyuma. Hapakuwa na la kubahatisha. Silinda hedi ilikuwa imepasuka, na maji na oili vimekutana.

"Inapona?" aliuliza Daktari. "Kuna wakati tunaletewa mama ana hali mbaya, inabidi kumkimbiza hospitali kubwa. Baiskeli haifai."

Fundi angeweza kusema haiponi. Neno lilikuwa moja tu, na jepesi kutamka. Lakini hakuwahi kulisema kwa mteja tangu apewe jina lile, na ulimi haukujua njia yake.

"Njoo Jumatano," alisema.

Alipolisukuma gari la mkewe hadi chini ya bati na kuanza kulegeza bolti za silinda hedi, dada yake aliacha pasi juu ya shati la mtu mpaka likanuka kuungua.

"Kaka, hiyo si ya wifi?"

"Nitairudisha."

"Na hizo nyingine je?"

"Nitazirudisha zote kwa pamoja."

Kesho yake asubuhi Mkunga alipita akienda kazini. Aliona injini yake imefunuliwa, silinda nne ziko wazi. Alisimama kidogo, na nje ya geti gari la Mwalimu nalo likasimama kumngoja. Hakuuliza ni ya nani safari hii. Alitoa ufunguo wa gari kwenye shada la funguo zake, akauweka juu ya benchi kati ya spana, akatoka.

Fundi Barafu aliisafisha hedi kwa brashi ya waya, akaisugua mpaka ikalala sawa, akaitia mikato mitatu. Alifunga bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, kama inavyotakiwa, na kila alipokaza alisikia wivu unamkaza naye. Hakulipua kazi kwenye bolti hata moja. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Jumatano asubuhi Daktari aliwasha, injini ikashika mara moja, moshi hakuna, mshale ukapanda hadi katikati na kutulia.

"Barafu kweli," alisema Daktari, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Gari la kijani lilitoka getini. Mkunga alikuwa ndiyo kwanza ametoka mlangoni. Likasimama, na safari hii halikusubiri alizunguke. Mlango wa mbele ulifunguka wenyewe, na kiti kikarudi nyuma kidogo, kadiri ya miguu yake.

"Mama Mkunga!" alisema Daktari. "Karibu, karibu. Nafikiri halitaki kwenda bila wewe."

"Najua," alisema Mkunga, akaingia. Alipapasa dashibodi taratibu kwa kiganja.

Fundi alifika dirishani akiwa na spana mkononi. Alitaka kusema mambo mengi.

"Leo utarudi saa ngapi?" alisema.

"Hilo nitakujibuje, baba? Liulize gari. Si wewe uliyelifunga?"

Likaondoka. Aliisikiliza injini mpaka ilipopita duka la mbao, na haikuwa na kasoro. Kisha akasikia nyuma yake gari jingine linaingia, teksi ya aina ileile, linachemsha, maji yanamwagika njia nzima. Alilitazama hatua kwa hatua. Lilikuwa limepasuka mpira wa juu wa maji tu, ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, na madukani ulikuwa haupatikani. Alikwenda chini ya bati, kwenye gari la mkewe, akalegeza klipu mbili, akarudi na mpira mzima mkononi, akautia alama zake tatu. Dereva wa teksi alikuwa mwanamume mtanashati, mcheshi, mwenye sauti nene. Fundi Barafu alianza kumchukia palepale, huku akikaza klipu ya pili.